Matone ya macho yanayotokana na damu yako mwenyewe

Yaani damu inatiwa jichoni?

Si damu yenyewe, ni seramu yake. Unachotwa damu mkononi, inaachwa igande kwa saa mbili hivi, kisha inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya maabara. Bonge jekundu linashuka chini, juu yanabaki majimaji ya rangi ya samli iliyoyeyuka. Hayo ndiyo yanayochanganywa na maji ya chumvi yaliyotakaswa, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 20, na kutiwa kwenye vichupa.

Si bora machozi ya bandia ya dukani?

Kwa wengi yanatosha, na ndiyo ya kuanza nayo. Lakini yanalowesha tu. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, hivyo tabaka lake la juu hutegemea machozi kulipatia vitamini A na protini zinazoponya michubuko. Seramu inavyo vyote viwili. Ilianza kutumika miaka ya 1970 kwa macho yaliyoungua kwa kemikali.

Inamfaa nani?

Mwenye ukavu mkali, kama wa Sjögren, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate. Mwenye kidonda cha konea kisichofunga. Au aliyenusurika Stevens-Johnson, ule mzio wa dawa, zikiwemo za salfa, unaobabua ngozi na kuharibu macho. Baadhi hupata nafuu wiki za mwanzo. Ushahidi wa muda mrefu bado ni mchache, na daktari mkweli atakuambia hivyo.

Naitunzaje?

Hapa ndipo penye kazi. Seramu haina kihifadhi, na bakteria huipenda kama wanavyopenda mchuzi uliolala nje. Vichupa vya akiba vinagandishwa. Unachotumia kinakaa kwenye friji, si kwenye mkoba, kwa siku ulizoambiwa na maabara tu. Nawa mikono, ncha isiguse kope. Kama umeme kwenu hukatikakatika, mwambie daktari kabla hujaanza.

Naweza kutumia ya dada yangu, au kujitengenezea?

Hapana, tafadhali. Uingereza hutengeneza pia seramu ya wachangia damu, lakini ni damu iliyopimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Kwetu bado kuna wanaotia macho mkojo au majani yaliyotwangwa, na wapo waliopofuka kwa hilo.

Nirudi lini hospitali?

Jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu zaidi au likitoa usaha, acha matone, nenda siku hiyohiyo, na kichupa uende nacho.