Kambi za Brigedi: Zilikotoka, na Kwa Nini Fomu ya Idhini Haina Mbadala
Likizo ya Agosti inapokaribia, idara yetu ya vijana hupokea malalamiko yale yale: kwamba Brigedi (Boys' Brigade), chama cha vijana cha Kikristo, inawafunza watoto ujeshi, kwamba ni tawi la Skauti, na kwamba kambi ni matembezi ambayo mtoto yeyote anaweza kujiunga nayo asubuhi ya safari.

Boys' Brigade, ambayo hapa Kenya hujulikana zaidi katika PCEA, kanisa lenye mizizi katika misheni ya Uskoti, ilianzishwa Glasgow tarehe 4 Oktoba 1883 na William Alexander Smith, mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekuwa pia afisa wa jeshi la kujitolea. Wavulana wake walikuwa wamemshinda kwa utundu, naye akaunganisha gwaride, ibada na mafunzo ya Biblia. Ni kweli kwamba walishika bunduki bandia, nasi hatulifichi jambo hilo. Lakini nembo waliyopewa ilikuwa nanga, ile ya Waebrania 6:19, na lengo lililoandikwa lilikuwa kuendeleza Ufalme wa Kristo.

Kambi ilifuata mwaka 1886. Kila Julai viwanda vya Glasgow vilifungwa kwa mapumziko, na wavulana wakabaki mitaani bila shughuli. Smith alikipeleka kikosi chake Tighnabruaich, kijiji cha pwani, kwa wiki moja. Walilala ukumbini, si katika mahema. Waliowasimamia ni maafisa waliowajua mwaka mzima, na hicho ndicho kiini cha kambi hadi leo.

Kuhusu Skauti, mwanzilishi wake, Baden-Powell, alikuwa makamu wa rais wa Boys' Brigade, na baadhi ya wavulana wa kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 walitoka katika vikosi vya Brigedi. Mtoto hawezi kumzaa mzazi, na tungependa dai hili likome.

Sasa fomu. Hutiwa sahihi na mzazi au mlezi halali, ikataja maradhi, dawa, vyakula vinavyomdhuru mtoto na nambari ya simu itakayopokelewa hata usiku wa manane, kisha hukabidhiwa afisa wa kikosi kabla ya siku ya safari. Sahihi ya jirani, ya kaka mkubwa au ya mwendesha bodaboda aliyemleta mtoto haikubaliki. Asiye na fomu hapandi basi, hata kama ada imelipwa. Ada hiyo hurudishwa kwa mzazi mwenyewe, wala haikabidhiwi mtoto.