Kapteni Halswelle na mbio alizokimbia peke yake

Kazi yangu uwanjani ni kusimama kwenye kona ya mwisho nikiwa na bendera ya njano mkononi. Mkimbiaji akiingia njia ya jirani au akimzuia mwenzake, nainyanyua, kisha naandika nilichokiona. Ninapofundisha waamuzi wapya huanza na Wyndham Halswelle, ofisa wa jeshi la Uingereza, kwa sababu kona aliyobanwa yeye ndiyo iliyotufundisha kazi yetu. Kinachoniuma ni kwamba watu wanamkumbuka kwa mbio zilizokuwa ndogo kuliko yeye.

Ilikuwa Julai 23, 1908, Olimpiki ya London, fainali ya mita 400. Walikuwa wanne: Halswelle na Wamarekani watatu, John Carpenter, William Robbins na John Taylor. Mzunguko wa uwanja wa White City ulikuwa theluthi moja ya maili, kama mita 536, kwa hiyo mbio zile hazikufika hata mzunguko mmoja. Njia hazikuchorwa. Bunduki ikilia kila mtu alikimbilia ukingo wa ndani, na aliyetaka kupita ilimbidi atokee nje.

Halswelle alitokea nje. Walipokuwa wanaingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, Carpenter naye akasogea nje, hatua kwa hatua, mpaka Mwingereza akabakiwa na upenyo mwembamba tu kando ya uwanja. Mwamuzi Roscoe Badger akatoa ishara ya kosa, na utepe wa mwisho wa mbio ukakatwa kabla Carpenter hajaufikia. Taylor aliondolewa njiani kabla hajamaliza.

Kisha wakakagua nyayo. Wakati ule watu walikimbia juu ya makaa yaliyosagwa, na nyayo za Carpenter zilionekana zikikata mshazari kutoka ndani kuelekea ukingo wa nje. Leo tuna video za kila upande, lakini sijawahi kuona ushahidi ulio wazi kuliko huo. Kwa sheria za Uingereza, zilizotawala mashindano yale, kumbana mpinzani kulitosha kumwondoa mtu. Wamarekani kwao walikuwa wamezoea mbio za kubanana zaidi. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo waamuzi wote walikuwa Waingereza, na mtu anayehukumiwa na ndugu za mpinzani wake haaminishwi kirahisi, hata kama hukumu ni ya haki.

Carpenter aliondolewa. Mbio zikapangwa kurudiwa Julai 25, safari hii njia zikitengwa kwa kamba. Robbins na Taylor wakagoma. Halswelle akasimama kwenye mstari peke yake, bunduki ikalia, akakimbia kwa sekunde 50.0. Wapo wanaouita ushindi wa mezani. Hapana: mezani mtu hakimbii, naye alikimbia mita zote 400 mbele ya uwanja mzima, bila mtu wa kumfukuza wala wa kumkimbiza. Mpaka leo hakuna dhahabu nyingine ya riadha ya Olimpiki iliyopatikana hivyo.

Na hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye nusu fainali alikuwa amekimbia kwa sekunde 48.4, rekodi mpya ya Olimpiki. Miaka miwili kabla, kwenye mashindano ya ubingwa wa Scotland ya mwaka 1906, alishinda yadi 100, 220, 440 na 880 kwa siku moja. Ukimwuliza kocha yeyote atakwambia miguu ya yadi 100 na mapafu ya yadi 880 si kawaida kukaa katika mwili mmoja. Siku hiyo ndiyo ningependa itajwe kwanza jina lake linapotajwa.

Alizaliwa London mwaka 1882, baba yake akiwa mchoraji Keeley Halswelle. Alisoma Charterhouse, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaingia kikosi cha Highland Light Infantry. Kipaji chake kiligunduliwa jeshini, Afrika Kusini, wakati wa vita vya Makaburu, na Jimmy Curran, ambaye baadaye alikwenda Marekani akawa kocha mashuhuri. Halswelle hakukimbia kwa malipo. Riadha ilikuwa mapenzi, kazi ilikuwa jeshi, na mwaka huohuo wa 1908 aliacha mashindano.

Taylor hakuumaliza mwaka ule. Alipata dhahabu London katika mbio za kupokezana vijiti, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo, kisha homa ya matumbo ikamuua mwezi Desemba.

Mwaka 1912 fainali ya mita 400 ya Stockholm ilikimbiwa kila mtu kwenye njia yake, na katika mji huohuo likaanzishwa shirikisho la kimataifa la riadha ili nchi zote zifuate sheria moja.

Machi 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Halswelle, sasa kapteni, alikuwa Neuve Chapelle, kaskazini mwa Ufaransa. Vipande vya kombora vilimjeruhi, akafungwa bendeji, akakataa kuondoka mstari wa mbele. Machi 31 alitoka kumfuata ofisa mwenzake aliyekuwa amelala na majeraha mahali pa wazi. Mdunguaji akampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 32, na kaburi lake lipo Laventie, si mbali na hapo.