Alcoblow, damu na unga: yanayosemwa na yanayopimwa

"Mumunya peremende, Alcoblow haitakushika." Ushauri huu hutolewa bure katika baa za Westlands usiku wa manane, na hauna maana. Mashine hiyo ya polisi ya kupima pombe kwenye pumzi haipimi harufu ya mdomo. Inapima pombe iliyotoka kwenye damu ikaingia mapafuni. Maji ya kusukutua mdomo yenye alkoholi ndiyo yanaweza kukuponza, maana hupandisha namba kwa muda mfupi. Mpimaji makini humsubirisha dereva kama dakika 15 kabla ya kupuliza.

"Nikilala kidogo, nikapata supu na kahawa, asubuhi niko sawa." Wengi hunaswa hapa. Ini hupunguza wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na halina haraka ya kahawa wala maji baridi. Kanuni za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo kuwa 80. Aliyeweka chupa chini saa tisa usiku akiwa na 180, saa moja asubuhi yuko Waiyaki Way akiwa bado na 120 hivi. Na wa kuzimua, anayekunywa tena asubuhi, ndiye anayeanza hesabu upya.

"Damu ni damu, kipimo chochote cha hospitali kinatosha." La. Hospitali nyingi hupima majimaji ya damu baada ya kuondoa chembechembe, na hayo hubeba pombe zaidi kuliko damu nzima. Namba 90 huko inaweza kuwa chini ya 80 katika damu nzima, nayo ndiyo sheria inayoitaja. Kisha kuna kichupa chenyewe: kinapaswa kuwa na sodiamu floraidi, la sivyo vijidudu kwenye joto huweza kutengeneza pombe mle ndani au kuila. Hata ngozi haisafishwi kwa spiriti kabla ya kuchoma sindano.

"Unga ukigeuka rangi, kesi imekwisha." Kwenye unga wa dawa za kulevya, tone la kemikali moja likigeuka zambarau huashiria heroini; la kemikali nyingine likigeuka buluu, kokeini. Lakini dawa fulani ya mzio, difenihidramini, nayo huleta buluu. Rangi ni fununu tu. Jibu la mahakamani hutoka maabara, kama ile ya Mkemia wa Serikali, ambako mashine hutenganisha viambato na kutambua kila kimoja kwa alama zake. Wakili mzuri huanzia kwenye bahasha: nani aliifunga, lakiri iko wapi, uzani ni ule ule? Na hapa polisi hulaumiwa bure wakati mwingine, kwani bangi mbichi iliyopimwa kituoni hukauka na kupungua uzito kabla ya kufika maabara.

"Mkojo umeonyesha bangi, basi alikuwa amelewa." Mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Kipimo hicho kinasema aliwahi kuvuta. Hakisemi lini, wala kama alikuwa amelewa aliposhika usukani.