Utumbo kuziba kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa

Siku ya tatu mgonjwa hajapata choo, na hata hewa haitoki. Tumbo limevimba likawa gumu, maumivu ya kusokota yanakuja na kuachia, na matapishi yameanza kunuka kinyesi. Nyumbani watasema tumbo limefunga, na kuna mtu atakimbilia dawa ya kuharisha. Hiyo iachwe. Utumbo uliozibika kabisa ukisukumwa kwa nguvu, kinachozidi ni msokoto.

Utumbo kuziba ni njia ya chakula kukwama. Hutokea zaidi kwa wenye saratani ya ovari na ya utumbo mpana. Uvimbe hukua ndani ukajaza njia, au huubana utumbo kutoka nje, au saratani hutapakaa kwenye utando wa tumbo hadi matumbo yakagandana sehemu nyingi. Nyuma ya kizuizi majimaji huendelea kumwagika, lita kadhaa kwa siku, ndiyo sababu mtu hutapika sana wakati hajaonja kitu tangu jana.

Ndugu huuliza kwanza habari ya upasuaji. Kama pamezibika mahali pamoja na mgonjwa bado ana nguvu, unaweza kumfaa. Utumbo mpana pengine huwekewa bomba la wavu wa chuma likaupanua. Lakini kama pamezibika huku na kule, tumbo limejaa maji na mwili umekonda, kisu kinaweza kumlaza hospitali wiki zilezile ambazo angekaa na wanawe. Hapo ndipo tiba shufaa inashika usukani: lengo ni maumivu na kichefuchefu vimwachie, hata kama utumbo haufunguki.

Mofini hutuliza maumivu. Buscopan hulegeza msokoto na kupunguza majimaji. Oktreotaidi huyakausha zaidi, ila bei yake ni kubwa. Haloperidoli, ambayo wengi huijua kama dawa ya akili, kwa kipimo kidogo huzuia kichefuchefu. Deksamethasoni hupunguza kuvimba kwa utumbo penye kizuizi, na mara nyingine njia hufunguka kidogo. Metoklopramidi inataka uangalifu: husaidia palipozibika nusu, ila huumiza palipozibika kabisa.

Tatizo ni dawa zipite wapi. Uganda imesifiwa kwa mofini yake ya maji, ya kunywa, na tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Lakini utumbo ukiziba, cha kunywa kitatapikwa. Kwa hiyo kisindano chembamba cha kipepeo huachwa chini ya ngozi, dawa zikapitia hapo, kwa sindano za mara kwa mara au kwa pampu ndogo ya betri inayozitoa taratibu kwa saa 24.

Mpira unaopitishwa puani hadi tumboni huondoa shinikizo la tumbo, ila unakera koo, na si wa kukaa nao siku nyingi. Matapishi yasipotulia, tundu dogo hufunguliwa ukutani mwa tumbo, majimaji yakatokea kwenye mfuko. Mgonjwa huyo anaweza kunywa chai yake. Itatokea mfukoni, lakini ladha ameipata.

Kumlisha uji kwa nguvu hakumwongezei siku, na dripu nyingi huweza kuongeza matapishi. Kiu kubwa huwa mdomoni: mpe kipande cha barafu anyonye, mpake mafuta midomoni, umfute ulimi kwa pamba iliyoloweshwa maji. Akitapika mara moja kwa siku bila kichefuchefu katikati, wagonjwa wengi wataona hilo linavumilika.