Dizeli ya Brazili na kikaango cha Ngamiani

Kazi yangu ni kukamua mbegu za mafuta hapa Tanga, na kila dumu linapopanda bei, wakaanga chipsi wa Ngamiani hunitazama kana kwamba nimelipandisha mimi. Jibu langu huanzia kwenye soya, ambayo mafuta yake siku hizi yanageuzwa dizeli. Wanashangaa, maana mafuta mengi tunayokaangia ni mawese ya kutoka Malaysia na Indonesia.

Soya haina mafuta mengi kihivyo. Kilo 100 hutoa kilo 18 au 19 tu za mafuta; karibu zote zilizobaki ni mashudu, chakula cha kuku na nguruwe. Kwa miaka mingi mwenye kiwanda alihesabu faida yake kwenye mashudu, mafuta yakawa nyongeza. Mashine ya skrubu huacha asilimia 6 hadi 8 ya mafuta ndani ya mashudu, ndiyo maana viwanda vikubwa hupasua punje, huzibana ziwe nyembamba kama magamba ya samaki, kisha huziosha kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Hapo kinachobaki hakifiki hata asilimia 1. (Usijaribu uani kwako, mvuke wa heksani hulipuka.)

Kuyageuza mafuta hayo kuwa dizeli si uchawi. Unayapasha hadi kama nyuzi 60, yasiwe na tone la maji, unatia methanoli (aina ya spiriti) iliyoyeyushiwa kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, unakoroga. Ukiyaacha yatulie yanajitenga: chini glisarini nzito ya kahawia, juu dizeli ya rangi ya dhahabu, nyepesi kiasi cha kupita kwenye nozeli ya injini. Kilo 100 za mafuta na 10 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za dizeli na 10 za glisarini. Mafuta yaliyochoka kwa kukaangia mihogo nayo yanafaa, ila yana asidi nyingi. Usipoishughulikia kwanza, utaishia na sabuni.

Siku hizi Marekani inajenga zaidi viwanda vya njia nyingine, vinavyotumia haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa.

Kilichoigeuza biashara ni sheria. Mwaka 2008 Brazili ilianza kulazimisha dizeli ya kawaida ichanganywe na asilimia 2 ya biodizeli, yaani hiyo dizeli ya mafuta ya kula. Agosti 2025 ilifika asilimia 15, na sehemu kubwa hutoka kwenye soya. Marekani karibu nusu ya mafuta yake ya soya sasa huishia kwenye injini. Indonesia nayo mwaka 2025 ilianza kuchanganya dizeli ya mawese kwa asilimia 40. Mnunuzi akikosa soya hukimbilia mawese, bei yake inapanda, na meli inayokuja kwetu inalipiwa kwa bei hiyo hiyo.

Kuna wanaonishauri tukamue soya ya Ruvuma tupate dizeli. Mimi sikubali. Nchi bado inaagiza mafuta ya kula; soya ile ikamuliwe, mashudu yaende kwa wafugaji wa kuku, mafuta yaende jikoni. Anayetaka dizeli aanze na mafuta machafu ambayo wakaangaji wanayamwaga mtaroni kila jioni.