Mbale kwanza, mtambo baadaye

Kila ninaposhirikishwa katika kuchagua teknolojia mpya ya kuzalisha metali, wahusika hutaka kujua ni ipi yenye ufanisi zaidi. Mimi huanza na mbale ya mgodi wao, yaani mawe yenye metali: ina nini kingine zaidi ya metali inayotafutwa?

Tuchukue chuma. Tanuri la makaa ya koki hutoa takribani tani 2 za kaboni dioksidi kwa kila tani ya chuma cha pua, na ndiyo maana kiwanda cha majaribio cha Luleå, Uswidi, kilichozinduliwa mwaka 2020 kutumia hidrojeni badala ya koki, kimewavutia wengi. Hata hivyo, njia hiyo huondoa oksijeni bila kuyeyusha mbale, kwa hiyo uchafu wa mawe, yaani silika na alumina, hubaki ndani ya chuma hadi kwenye tanuri la umeme, ambako huongeza mavi ya chuma (taka za kuyeyushia), hula umeme na kuondoka na sehemu ya chuma chenyewe. Kwa sababu hiyo wenye mitambo hii hupendelea vidonge vya mbale vyenye chuma cha asilimia 67 hivi, kiwango ambacho migodi mingi haifikii. Mwenye mbale hafifu na apige kwanza hesabu ya kuisafisha. (Bei ya umeme nayo ni mtihani, lakini hiyo haisahauliki na mtu.)

Nikeli inaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kiwanda cha Moa, Kuba, kilianza mwaka 1959 kuchenjua mbale ya laterite (udongo mwekundu uliotokana na miamba iliyooza) kwa asidi ya salfuriki katika joto na mgandamizo mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vitatu vya Australia Magharibi, yaani Cawse, Bulong na Murrin Murrin, vilifuata kanuni hiyohiyo, vikatatizika kufikia uwezo vilivyosanifiwa, na cha Bulong kikafungwa. Kemia ilikuwa imethibitishwa, ila kwa mbale nyingine: magnesi ikizidi hula asidi, na udongo wa mfinyanzi ukizidi tope huwa gumu kusukuma na kutenganisha.

Kwa hiyo sikubali ripoti ya jaribio la maabara la saa chache pekee. Ninadai jaribio la mfululizo, kwa mbale ya mgodi wenyewe na maji yatakayotumika kiwandani, yakirudishwa kwenye mzunguko muda wa kutosha ili kloridi na uchafu mwingine unaojilimbikiza taratibu uonekane kabla mkataba wa ujenzi haujatiwa saini.