Methadoni si unga wa bure

Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (unga), ilipofunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, maneno ya mtaani ni yale yale: "Serikali inawagawia mateja unga wa bure." Naelewa yanakotoka. Methadoni ni ya familia moja na heroini, na mwili huizoea. Lakini tazama kinachotokea pale dirishani: mtu anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anainywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Mara moja kwa siku, bila sindano.

Tofauti kubwa ni muda. Unga hupanda haraka na kuisha ndani ya saa chache, kisha arosto, yaani mateso ya mwili kuukosa unga, inarudi: makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, na mbio za kutafuta pesa kwa njia yoyote. Methadoni hupanda polepole na hukaa mwilini saa 24 au zaidi. Dozi ikishapimwa vizuri haimlevyi mtu, bali inamwacha atulie, ale, ashike kazi. Wapo wanaoinywa kwa miaka, kama mgonjwa wa kisukari na insulini yake, na sioni aibu yoyote hapo. Kuuza unga, kwa upande wake, bado ni jinai kama zamani.